Nafasi ya Shemeji

Mwezi uliopita mbwa mmoja aligongwa mbele ya duka la dawa lililo mkabala na dirisha langu. Mwenzake, jike wa rangi ya majivu, alisimama juu yake katikati ya barabara, hataki kusogea. Magari yalimpigia honi. Kijana mmoja wa pikipiki akamrushia chupa ya maji. Nilifungua dirisha ili nimwambie amwache, kisha nikalifunga tena. Mimi ndiye mtu wa mwisho mwenye ruhusa ya kusema neno hilo, na ndiyo sababu nimekaa kuandika habari za Bila Fimbo.

Nina tabia ya kulalamika. Wajukuu zangu wakiniona nakohoa kidogo na kuvua miwani, huambizana, "Babu ameanza." Nalalamika kwamba watu hawaamkiani, kwamba mgonjwa hutazamwa kwa simu, kwamba mtu akifa wanaulizana kwanza gari litafika saa ngapi. Yote hayo ni kweli na sitayafuta. Lakini nikifika kwenye wanyama na watu waliowatunza, ulimi hunikauka. Utaratibu wa zamani haukufa wenyewe. Pale kwetu niliufukia mimi, kwa lori la udongo, saa tatu asubuhi.

Tulifanya kazi katika kiwanda cha matofali. Mimi nilikuwa karani wa stoo. Shule niliishia darasa la nne. Mengine niliyasoma mwenyewe, kwenye magazeti yaliyofungiwa sukari, kwenye vitabu vilivyotupwa na ofisi, na kwenye kamusi moja isiyo na jalada niliyoipitia mara tatu kutoka mwanzo hadi mwisho. Wakaniita Kamusi. Nililipenda jina hilo kupita kiasi. Mtu akipata barua, aliniletea nimsomee. Akitaka kujibu, nilimwandikia, nami nilimwekea maneno makubwa kuliko aliyoyaomba.

Bila Fimbo ndiye aliyeendesha mkokoteni wa punda. Alinizidi umri kwa kama miaka kumi, mrefu, mwembamba, mabega yameinama kama mtu aliyezoea kupita milango mifupi. Kusoma hakujua. Jina lake lilitokana na mikono yake mitupu: waendesha punda wengine mjini walishika fimbo au kipande cha mpira, yeye alitembea kando ya vichwa vya punda wake akiwasimulia mambo. Nilimsikia mara nyingi akipita chini ya dirisha la stoo. "Hapa pana shimo, jana tuliliona. Haya, mama, taratibu, hakuna anayetufukuza."

Punda walikuwa wawili, jike na dume, walionunuliwa siku moja wakiwa wadogo. Yule jike alimwita Dada. "Sasa kama huyu ni dada yangu," alituambia, "huyu anayekaa naye nyumba moja nimwite nani kama si shemeji?" Basi yule dume akawa Shemeji kwa kiwanda kizima, mpaka meneja akiuliza mzigo ulipo, aliuliza kama Shemeji amerudi.

Wachoma matofali hawakuacha kumtania.

"Bila Fimbo, dada yako hajambo?"

"Hajambo. Anasema jana ulimpita hukumwamkia."

"Mwambie nilikuwa na haraka."

"Nimemwambia. Anasema haraka yako anaijua, ulikuwa unakwenda kulala."

Mkokoteni ule ulikuwa na mti mmoja wa katikati, punda huku na punda huku. Dada alivuta upande wa kulia, Shemeji wa kushoto. Kwa miaka tisa hawakubadilishana hata siku moja. Walipofunguliwa saa sita, walisimama kinyumenyume, kichwa cha huyu kwenye mgongo wa yule, wakakunana shingo kwa meno, macho nusu wameyafumba. Ndoo ya maji ikiletwa, Shemeji hakuigusa mpaka Dada amalize kunywa. Niliyaona hayo kila siku kupitia dirisha langu. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba mnyama huongozwa na tumbo na mazoea tu, nikawaeleza wenzangu hivyo kwa kirefu. Bila Fimbo alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole, "Na wewe, Bwana Kamusi, mkeo anakungoja kula kwa sababu ya mazoea?" Watu wakacheka. Sikumsamehe upesi.

Shemeji alikufa kwa ugonjwa wa tumbo. Ilikuwa asubuhi ya siku ambayo wakaguzi walitazamiwa kutoka makao makuu. Nilikuwa nimetajwa kwamba huenda nikapandishwa kuwa msimamizi wa uwanja, na meneja alinikabidhi usafi wote wa siku hiyo. Nilivaa shati jeupe. Saa moja na nusu Bila Fimbo akaja mlangoni pa stoo, kofia mkononi.

"Shemeji ametutoka," alisema. "Alfajiri. Nimekuja kuomba jambo moja, ndugu yangu. Nimwache pale alipo mpaka jioni. Dada hajamaliza."

"Hajamaliza nini?"

"Kumwangalia."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Akanieleza kama fundi anavyoeleza kazi yake. Punda waliokaa pamoja, alisema, mmoja akifa usimwondoe mara moja. Yule aliye hai atamnusa. Atamsukuma kwa pua ili ainuke. Pengine atamkanyaga kidogo, au atamng'ata shingoni, si kwa ubaya. Atasimama. Mwisho, mwenyewe, atageuka na kwenda kutafuta majani, na hapo unajua amemaliza. Baba yake ndiye aliyemfundisha, naye alifundishwa na babake. "Ukimtoa kabla ya hapo, hatajua kama mwenzake amekufa. Atajua amepotea tu. Atamtafuta, na akimtafuta hali."

"Wakaguzi wanafika saa nne," nilimwambia. "Unataka wakute mzoga uwanjani?"

"Uko nyuma ya banda, Bwana Kamusi. Nitaweka turubai."

"Hapana."

"Basi mpaka saa tano."

"Nimesema hapana, mzee. Hiki ni kiwanda, si matanga."

Neno hilo nililisema kwa sauti, vibarua wasikie, na wawili watatu wakacheka. Nikaita lori la udongo. Wakamfunga Shemeji mnyororo miguuni na kumburuta hadi kwenye shimo la zamani tulikochimba udongo, wakammwagia udongo wa malori mawili juu. Dada alikuwa amefungiwa bandani. Hakuona, alisikia mnyororo. Alilia kwa mlio mrefu, akanyamaza akisikiliza, akalia tena. Mimi nilikuwa natafuta ufagio.

Halafu nikafanya jambo jingine, na hili hakuna aliyeniagiza. Kanuni za stoo zilisema kifaa kinachorudishwa kisafishwe. Nikachukua mkanda wa ngozi wa Shemeji, hatamu zake, na gunia lililokuwa likikaa mgongoni mwake, nikavisugua mwenyewe kwa dawa kali ya kuulia wadudu mpaka mikono ikaniwasha. Nikavitundika msumarini, kila kimoja na kibandiko chake.

Wakaguzi walifika saa sita. Walikaa ofisini kwa meneja, wakanywa soda, wakaondoka. Uwanjani hawakufika.

Siku ya kwanza Dada alizunguka banda. Siku ya pili alisimama getini, na kila gurudumu lililopita barabarani lilimwinua masikio. Pumba aliyowekewa ilibaki horini kama ilivyomwagwa. Bila Fimbo akaja tena stoo.

"Nipe lile gunia la Shemeji, ndugu yangu. Nimwekee karibu. Akipata harufu yake huenda akatulia."

Nililishusha kutoka msumarini na kumpa kwa fahari kidogo, kwa kuwa lilikuwa jeupe kuliko magunia yote ya stoo. Akalipeleka puani.

"Umelifua," alisema.

"Kwa dawa. Na mkanda pia."

Akalikunja vizuri, pembe kwa pembe, akalirudisha juu ya meza yangu. "Umefanya kazi safi," alisema, na hapakuwa na dhihaka katika sauti yake. Heri ingekuwepo.

Siku ya nne alikuja bwana mifugo. Alimfungua Dada kinywa, akampapasa mbavu, akasema dawa ya ugonjwa huo hana. "Mtafutieni mwenzake. Punda mwingine, au hata mbuzi, chochote chenye pumzi. Akiendelea hivi wiki haishi." Punda mwingine hatukuwa naye, na meneja alikuwa amekwisha agiza trekta. Nilimsikia Bila Fimbo akimuuliza yule bwana, "Chochote chenye pumzi?"

"Ndiyo, mzee."

"Hata mtu?"

Bwana mifugo akacheka, akafunga mkoba wake.

Asubuhi iliyofuata Bila Fimbo alichukua ule mkanda uliooshwa, akausaini kwa dole gumba kama kanuni ilivyotaka, akauvaa kifuani. Akamfunga Dada upande wake wa kulia. Yeye akaingia upande wa kushoto wa mti, mahali pa Shemeji, akaanza kuvuta. Mkokoteni ulikuwa mtupu siku hiyo. Kesho yake alipakia matofali kidogo. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na tano.

Barabara kutoka kiwandani hadi ghala la vifaa vya ujenzi ilipita mbele ya mafundi cherehani, kinyozi, na bomba la maji ambako kina mama walipanga ndoo. Ilikuwa sinema ya bure.

"Bila Fimbo, umepandishwa cheo?" kinyozi alimwuliza.

"Nakaimu tu," alijibu, akihema. "Nafasi bado haijatangazwa."

"Na mshahara?"

"Majani. Lakini nimeambiwa nitazoea."

Mama mmoja pale bombani alimwambia aache kujiaibisha, ana binti mwalimu, naye mwenyewe ni mtu mzima na mvi zake. Akamwamkia kwa heshima na kuendelea kuvuta. Jasho lililowesha ule mkanda, na bila shaka lilikuwa harufu ya mtu tu, si ya punda. Hata hivyo Dada alianza kuweka kichwa chake begani mwake wakisimama.

Siku ya saba nilikuwa natembea barabara hiyo na mkaguzi mmoja aliyerudi kuangalia vitabu vya stoo, kijana mwenye viatu vya kung'aa. Tulikuwa tunazungumzia cheo changu. Mbele ya mafundi cherehani tukakutana nao, ana kwa ana. Walikuwa wamesimama kupumzika. Bila Fimbo alikuwa ametoa mfukoni fungu la majani mabichi, ameyashika kifuani pake, na Dada alikuwa anakula. Nasema alikuwa anakula. Niliona taya zikisaga, niliona koo likimeza. Punda aliyekuwa akifa kwa mkono wangu alikuwa anakula mbele ya macho yangu, na yule mzee alininyanyulia uso uliojaa furaha, kama mtu aliyepata mtoto.

"Bwana Kamusi," aliita. "Njoo uone. Dada amekula."

Mkaguzi akanigeukia. "Huyu ni mtu wenu?"

Nikaangalia ukutani kwa fundi, ambako palikuwa na kipande cha karatasi kilichoandikwa bei ya kushona suruali. Nikakisoma chote.

"Simfahamu," nilisema. "Watu wengi huku wananiita hivyo."

Tukapita. Sikusikia akiita mara ya pili.

Lakini mkaguzi hakuwa mjinga. Alikuwa ameona jina la kiwanda kwenye ubavu wa mkokoteni. Jioni hiyo meneja aliniita, akaniambia niandike barua ya kumwachisha kazi yule mzee. "Andika tu kwamba trekta limekuja na kazi ya punda imekwisha. Mistari miwili." Angalieni basi. Mistari miwili, na hapakuwa na ubaya ndani yake. Mimi nikaandika ukurasa mzima. Niliandika kwamba mfanyakazi aliyetajwa hapo juu "amejidhalilisha hadharani kwa kujifunga kwenye mkokoteni mithili ya mnyama, na kwa kitendo hicho amethibitisha kwamba hatofautishi utu na unyama." Niliisoma mara mbili nikaona imekaa sawa. Katika maisha yangu yote ya kuandika sijapata sentensi iliyonyooka kama ile. Meneja akatia sahihi bila kusoma.

Kesho yake Bila Fimbo akaniletea barua ile ile nimsomee. Pale kiwandani angempelekea nani mwingine? Alikaa kwenye kreti, kofia magotini, akangoja. Niliifungua. Niliutazama mwandiko wangu mwenyewe.

"Inasemaje, ndugu yangu?"

"Inasema trekta limekuja," nilimwambia. "Inasema kazi ya punda imekwisha, na wanakushukuru."

"Ndefu hivyo kwa maneno hayo?"

"Ni lugha ya ofisi."

Akaitikia kwa kichwa. Akaomba nimwandikie meneja kwamba hataki zawadi ya kuagwa, badala yake wampe Dada awe wake. Nikaandika, mistari miwili safari hii. Meneja alikubali, maana kwenye hesabu za mifugo nilikuwa nimekwisha kumwandika Dada kuwa ni wa kufa. Saa tisa alasiri wakatoka getini wakifuatana, yeye kushoto, Dada kulia, bila mkokoteni. Barua ilikuwa mfukoni mwake, imekunjwa pembe kwa pembe.

Nilipata kile cheo. Nilikaa nacho miaka sita, mpaka kiwanda kilipofungwa.

Habari zao nilizipata kwa watu. Alikuwa na kiwanja nje kidogo ya mji. Miezi ya mwanzo alikula chakula chake bandani, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, Dada naye akila pumba yake. Baadaye akapata mbuzi mzee ambaye hakuna aliyemtaka, na Dada akamkubali, akawa anamngoja kunywa maji kama alivyokuwa akingojwa yeye. Dada aliishi miaka kumi na mmoja zaidi. Sikuwahi kwenda kuwatazama. Nilikuwa na sababu kila mara, na sababu zote zilikuwa na sarufi safi.

Kisha mke wangu akafa. Aliugua siku tatu. Ndugu zangu ni watu wa siku hizi: walipofika nyumbani asubuhi ile walikuwa wamekwisha kupanga gari, saa, na mtu wa viti. Nilikuwa nimekaa kitandani pembeni yake nikiushika mkono wake, ambao ulikuwa bado haujakakamaa. Shemeji yangu wa kweli, kaka wa mke wangu, akaniambia, "Haya, inuka, gari liko nje, dereva ana safari nyingine." Akanishika kwapa. Nilitaka kumwambia kwamba sijamaliza. Neno hilo lilinijia lenyewe, na nilipolitambua ni la nani, nikashindwa kulitamka. Nikaanza kuinuka.

Mtu aliyekuwa amesimama mlangoni akasema, "Mwacheni."

Alikuwa amezeeka mno. Alitembelea fimbo, ya kwanza niliyowahi kuiona mkononi mwake. Sijui nani alimpa habari, sisi hatukumpelekea.

"Mzee, gari linangoja," alisema shemeji yangu.

"Lingoje. Mwacheni akae naye. Akimaliza atatoka mwenyewe."

Aliisema kwa sauti ile ya kupita chini ya dirisha la stoo, na ndugu zangu, ambao hawakumjua, wakatoka mmoja mmoja. Akauvuta mlango. Niliona kivuli cha miguu yake chini ya mlango: alibaki pale nje, amesimama, ili mtu asiingie. Nilikaa na mke wangu mpaka jua lilipohama kutoka kwenye mto wa kichwani hadi kwenye ukuta wa miguuni. Nilimnyoosha kanga. Nilimwita mara moja kwa jina ambalo nilikuwa simwiti mbele za watu. Kisha, sijui ni baada ya muda gani, nilihisi kiu, nikatoka.

Alinipa kikombe cha maji, akangoja ninywe.

Nilipaswa kusema siku ile. Nilikuwa na maneno yote ya kamusi kifuani, na nililotoa ni moja: "Ahsante." Akanigusa bega akaenda zake. Nikajipa moyo kwamba angalau ile barua haijui, kwamba nilipomsomea nilimficha, na kwamba huko kumficha kulikuwa ni namna ya huruma. Mwaka uliofuata akafa yeye, na safari hii nilikwenda.

Binti yake, yule mwalimu, alinipokea vizuri. Watu walipopungua, akaingia ndani akarudi na bahasha.

"Baba alisema hii ni yako," aliniambia. "Alisema mwandiko ni wako."

Niliijua kabla sijaifungua.

"Ulimsomea?" nilimwuliza.

"Siku ile ile aliyoachishwa. Aliniambia ilikuwa ndefu mno kwa kile alichosomewa."

"Akasema nini?"

Alikuwa na mabega ya babake. "Aliniambia nikusalimie nikikuona. Halafu akaenda kumpa Dada majani."

Miaka yote hiyo, basi, alikuwa anajua. Alijua aliposimama mlangoni kwangu akiwazuia ndugu zangu.

Barua iko mezani hapa ninapoandika. Jana nilichukua kalamu nyekundu nikaikata ile sentensi, mstari mmoja, kisha wa pili juu yake, kisha wa tatu. Ule wino wa zamani ulikuwa mzuri. Chini ya mikato yote mitatu, bado inasomeka.